Mdogo Wangu, Mtani Wangu

Nguo ya kwanza niliyomshonea mdogo wangu ilivaliwa na mtoto mwingine. Lilikuwa shati dogo la mikono mifupi, la kitambaa cha bluu chenye vidoti vyeupe, kilichobaki kwenye gauni la mteja. Nilihangaika nalo jioni kadhaa kwa sababu wakati huo nilikuwa bado najifunza kuweka kola. Nikalipeleka Jumapili kwenye makao ya watoto ya masista, nikamvalisha kwa mikono yangu, nikaondoka na furaha yangu. Jumapili iliyofuata nikamkuta kavaa fulana ya njano iliyolegea shingoni, na shati langu limekaa juu ya kitoto cha kike chenye meno mawili, kinaitafuna ile kola.

Sista aliyelea wadogo aliona nilivyokodoa macho. Akanieleza kwamba pale nguo hufuliwa pamoja na kuanikwa pamoja, na anayetoka kuoga huvalishwa iliyo juu ya lundo. Nilirudi nyumbani nimenuna. Baadaye nikawaza kwamba dawa ya lundo ni kulijaza. Nikaanza kuokota mabaki yote ya kitambaa kwenye baraza la duka ambapo mimi na fundi aliyenifundisha tulikuwa tunashonea, na kila niliposhona moja la mdogo wangu nilishona na la jirani yake. Ilifika wakati nikiingia pale Jumapili naona kazi yangu inatambaa sakafuni, inalia, inagombania kikombe. Na mara mojamoja, kwa bahati, naikuta juu ya mwenyewe.

Alifikaje pale? Baba yetu alikuwa dereva wa lori la tumbaku, kazi yake Usoke na Urambo, na alifariki mama akiwa mjamzito. Mama alijifungua salama, kisha akaugua, akafa kabla kitovu cha mtoto hakijadondoka. Tulibaki watatu: mimi kidato cha pili, mdogo wangu wa kike darasa la saba, na huyo kitinda mimba ambaye hata jina alikuwa hajapewa.

Siku ya kumaliza matanga wakubwa wa ukoo walikaa uani kwetu, hapo Chemchem, mjini Tabora, kutugawa. Hawakuwa na ubaya. Ndivyo yatima wanavyogawanywa ili mzigo usimwangukie mtu mmoja. Baba mdogo wa Ulyankulu alinitaka mimi shambani kwake, na shangazi wa Usoke alimtaka mdogo wangu wa kike. Nikasema nyumba hii haigawanywi. Baba mdogo akacheka kwa upole, akaniuliza nitawalisha nini, kalamu? Wiki iliyofuata jibu likapatikana: niliacha shule, nikaenda kwenye baraza la duka la vitambaa la mzee mmoja wa Kihindi, ambako fundi aliyekuwa akimshonea mama alihitaji mtu wa kuweka vifungo na kukunja pindo. Nikakaa pale. Mpaka leo nipo pale, ila sasa cherehani ni yangu.

Lakini kichanga hakilishwi kwa vifungo. Bibi yetu, mama wa mama, ndiye aliyekata shauri. Alisema kwa Kinyamwezi, huku amempakata, kwamba mtoto apelekwe kwa masista wenye maziwa, akae huko mpaka aote magego.

Kwetu hilo si jambo geni. Mtoto huenda kwa bibi yake au kwa shangazi asiye na mtoto, hukaa huko akilelewa, na akishaweza kula ugali wa wakubwa hurudi, au harudi, ni mamoja. Hakuna anayesema ametolewa. Aliyemlea anaongezeka tu kwenye hesabu ya wazazi wake, na siku ya harusi ya mtoto huyo mbuzi wake anajulikana. Sisi tuliwaona wale masista kama bibi mwingine. Bibi aliyevaa shela jeupe, anayekaa kando ya njia ya zamani ya misafara, mwendo mfupi wa baiskeli kutoka mjini.

Basi magego yakaota. Mtoto akatembea, akaongea, akawa na miaka mitatu. Wala hatukuwa na haraka, kama vile mtu asivyokuwa na haraka ya kumtoa mtoto kwa bibi anayempenda. Jumapili nilikwenda na futi yangu shingoni. Nikimwita, alikuja mbio, akasimama wima mbele yangu, akanyoosha mikono pembeni apimwe. Ndiyo ilikuwa salamu yetu. Watoto wengine nao wakajipanga nyuma yake na mikono yao imenyooshwa, na ikabidi niwapime wote, hata ambao sikuwa na kitambaa chao.

Mwaka huo huo akaja mama mmoja na gari jeupe. Alinikuta barazani, akanisalimia kwa jina, akasema anatoka kwenye shirika linalowatafutia yatima familia. Alileta sukari, sabuni na doti ya khanga kwa ajili ya dada yangu, yule aliyenifuata. Alisema ipo familia nzuri sana mbali, mtoto atasoma, picha zitakuja kila Krismasi, na kwamba mambo ya mahakamani ni ya kuchelewesha tu. Mimi nikikubali, yeye atayamaliza. Alikuwa na sauti nzuri. Mzee mwenye duka, aliyekuwa ndani anapima kitambaa na kujifanya hasikii, akatoka na mita yake ya mbao mkononi.

"Fundi," akaniambia, "mimi nikinunua jora moja la kitambaa, napewa karatasi kutoka kiwandani mpaka hapa. Huyu mama anataka kubeba mtu mzima bila karatasi?"

Yule mama akasema huyu si mtu mzima, ni mtoto. Mzee akamjibu kwamba ndiyo, ndiyo maana hawezi kujisemea. Akarudi ndani. Yule mama akaenda kwa masista akijua mimi ni mgumu, lakini huko nako wakamwomba barua ya Ustawi wa Jamii. Hakuwa nayo. Gari jeupe sikuliona tena. Sukari tuliirudisha kwa mjumbe wa mtaa aipeleke panapohusika, na dada yangu aliiaga ile khanga kwa macho.

Nadhani ni habari za mama huyo zilizomleta afisa ustawi wa jamii kwetu. Alikuwa mwanamke wa makamo kutoka Kilimanjaro, mrefu, mwenye pikipiki ya serikali na kofia ngumu aliyoikumbatia kifuani kama kikapu cha mayai. Alikaa kwenye benchi langu la wateja, akanieleza mambo ambayo hakuna aliyewahi kunieleza. Kwamba kumtafutia mtoto familia si kazi ya kila mwenye gari. Shirika likitaka kusaidia lazima liwe na kibali, na hata likiwa nacho halimchagulii mtu mtoto. Kazi yake ni kupeleka maombi Ustawi na kufuata linaloambiwa. Hakuna wa kutoa zawadi wala wa kupokea. Anayetaka mtoto huchunguzwa nyumba yake, afya yake, moyo wake. Kisha hukaa na mtoto kwa muda, wanaita malezi ya kambo, huku afisa akipita bila taarifa. Wakishindwana, mtoto anarudi. Wakipatana, wanakwenda Mahakama Kuu, na jaji ndiye mwenye neno la mwisho.

Nikamwambia ahsante, lakini sisi mtoto wetu hatafutiwi familia. Anayo. Yuko kwa masista tu kwa muda.

"Kwa muda gani?"

"Mpaka akue kidogo."

Akanitazama kwa huruma isiyo na dharau. "Makao ni kama hospitali, mdogo wangu. Mtu halazwi miaka. Masista wanabadilishwa, wasichana wa zamu wanaolewa, wanaondoka. Kila anayeondoka, wale watoto wanafiwa upya." Akanishikia kitambaa nikamaliza kufunga uzi. "Sijaja kumchukua. Nimekuja kukuuliza: unamchukua wewe, au tumtafutie mama na baba?"

Ndipo nilipouliza swali la kawaida kabisa kwetu: tukimtafutia, atakuwa anakuja lini nyumbani?

Akaniambia neno lenyewe, kuasili, na maana yake. Mtoto aliyeasiliwa ni mtoto wa wale waliomwasili, moja kwa moja, jina na urithi. Kamba ya zamani inakatwa. Kisheria hatakuwa mdogo wako tena.

Niliona kama ananitania, ila Wachaga si watani wetu. Tangu nizaliwe sijawahi kusikia mahali ambapo kulelewa kunapunguza ndugu. Kwetu kunaongeza.

Nyumbani dada yangu aliwaka. Alikuwa sekondari, anasoma kwa jasho la pindo zangu, na alijua kusema. Aliniuliza kama mtoto ni mbuzi wa kupeana. Aliniuliza ile siku ya matanga nani alisema nyumba hii haigawanywi, au alisema jirani? Nikamwambia basi kesho kutwa naenda kumleta. Akasema kwa nini kesho kutwa.

Tukamleta, kwa ruhusa, wakati wa likizo, tujaribu. Sina siku nilizozipenda kama zile. Alilala katikati yetu, akitupiga mateke. Aliogopa jogoo, akaogopa na redio. Alipopewa nguo akauliza ni ya nani, na tulipomwambia ni yake, yake peke yake, alikaa nayo mapajani mchana mzima bila kuivaa. Dada yangu alimfundisha kusema shikamoo, naye akawa anawaamkia hata mbuzi.

Likizo ikaisha, dada yangu akarudi bweni, nikabaki naye mimi. Asubuhi nilimpandisha kwenye baiskeli, tunakwenda barazani. Mbele ya baraza ni barabara, na yeye barabara hakuijua, kwa masista kulikuwa na uzio. Siku ya kwanza alikimbilia muuza barafu, lori likapiga honi, moyo wangu ukabaki chini ya magurudumu yale. Kwa hiyo nikachana ukanda mrefu wa kitambaa cha marekani, nikamfunga kiunoni kwa fundo laini, ncha ya pili nikaifunga kwenye mguu wa cherehani. Ulifika mpaka mlangoni mwa duka na mpaka ukingo wa kivuli. Alicheza humo, akaviringisha vibobini vya uzi, akalala chini ya meza miguu yangu ikikanyaga pedali kando yake. Wateja walicheka, wakasema fundi kafuga. Akina mama wa sokoni wanajua ukanda huo, wengi wamekua nao.

Afisa alitukuta hivyo. Alipaki pikipiki, akavua kofia, akauona ukanda, akaufuata kwa macho kutoka kiunoni mpaka kwenye mguu wa cherehani. Nilingoja anigombeze. Hakunigombeza. Alichuchumaa, akacheza naye vibobini, mtoto akamwamkia, akaitikia marahaba kwa uzito unaostahili. Kisha, akiwa bado chini, akaniuliza taratibu:

"Huu unarefushwa lini?"

Nikamwambia akikua.

"Na wewe wako unafungwa wapi?"

Sikumwelewa. Alipoondoka nilimwelewa: mimi pia nilikuwa nimefungwa kwenye cherehani ile ile. Nilikaa nikashona pindo moja mara mbili. Huyu mtoto alikuwa na kaka aliyemfikia kwa urefu wa kitambaa. Mchana kutwa alikuwa anaitazama barabara, na mimi natazama sindano. Mama hana, wa kumrukia hana, wa kumuuliza leo umefanya nini hana; jioni nilikuwa nalala na kijiko mdomoni. Nilikuwa nimeshika vizuri sana, ila nilichoshika ni ncha ya ukanda.

Nilimwandikia dada yangu bweni kwamba tukubali mtoto atafutiwe mama na baba. Hakujibu. Alipokuja mwisho wa muhula alimkuta chini ya cherehani, akamfungua, akakaa naye kwenye ngazi za duka hadi tulipofunga. Njiani akasema, bila kunitazama, kwamba watu hao wakipatikana yeye atawauliza mwenyewe maswali yake.

Walipatikana baada ya muda mrefu. Mwanamume alikuwa mtu wa reli, kahamishiwa Tabora, na mkewe mwalimu wa shule ya msingi, hawakujaaliwa mtoto. Walikuwa wameomba siku nyingi, wakachunguzwa, wakasubiri. Afisa alituambia kwamba mara nyingi pande mbili hazikutani, lakini kwa kuwa mimi ndiye mlezi na ninatakiwa kuridhia, ameona afadhali tuonane ofisini kwake, mbele yake, kwa utaratibu. Alitusihi tuwe watulivu. Alikuwa amevaa gauni zuri siku hiyo.

Mwanamume akaingia, mfupi, kitambi kidogo, akanyoosha mkono. "Wewe ndiye kaka mtu? Nyie kabila gani?"

"Wanyamwezi."

Akaurudisha mkono wake polepole, akaufuta kwenye suruali, akamgeukia mkewe. "Mama, twende zetu. Hawa ni wapagazi wetu. Babu zao walikuja na pembe vichwani mpaka kwetu, wakaiona bahari, wakauliza nani kamwaga."

Afisa akaweka kalamu mezani. Nikamuuliza yule bwana yeye ni mtu wa wapi. Akasema Mzaramo, Kisarawe.

"Ndiyo maana," nikasema. "Wazaramo ngoma asubuhi, ngoma jioni. Mngezaa saa ngapi?"

Dada yangu akanikanyaga mguu. Mimi mwenyewe nililisikia neno langu likianguka, nikatamani kuliokota. Hapo yule mwalimu, mkewe, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akajifunika uso kwa ncha ya mtandio, mabega yanatikisika, na alipoufunua macho yake yalikuwa na maji. Baadaye sana aliniambia kwamba kwa miaka ile yote watu walikuwa wanalizunguka jambo lile kama shimo la choo, kila mtu anapita mbali, na mimi ndiye wa kwanza kulikanyaga kwa kisigino.

Afisa wa watu alikuwa amesimama. Alisema kikao kimevunjika, kwamba hajawahi kuona matusi kama hayo, na kwamba ataandika pande zote mbili hazifai. Kwao Kilimanjaro hakukuwa na mambo haya.

"Mama, kaa," yule bwana akamwambia, sasa kanishika mkono kweli na haniachii. "Huyu ni mtani wangu. Babu zake wakipita kwetu na mizigo walikuwa wanakufa njiani, babu zangu wanawazika. Mimi nikifa leo, huyu ndiye ataingia kaburini kwanza kupima kama nitaenea."

"Kwa kitambi hicho tutachimba upya," nikasema.

Ilichukua muda na chai ya maziwa kumrudisha afisa kitini. Kisha dada yangu akatoa maswali yake, na hayo hayakuwa na utani. Aliuliza kama mtoto ataambiwa ukweli. Wakasema ataambiwa. Lini? Tangu mwanzo, akajibu mwalimu, ili asiwe na siku ya kuambiwa. Dada yangu akaanza kuwaeleza kwamba mtoto anaogopa jogoo.

Mtoto alikwenda kwao kwa malezi ya kambo, nyumba ya reli, upande wa pili wa mji. Afisa alipita kule bila taarifa, akapita na kwetu. Mimi zamani nilidhani serikali inachelewa kwa uvivu. Miezi ile nikaona kila kituo cha kusubiri ni mlango ambao yule mama wa gari jeupe asingeweza kupita. Afisa alikuwa na haki ya kumrudisha mtoto siku yoyote. Nami nilikuwa na haki ya kusema hapana mpaka dakika ya mwisho, na alinikumbusha hivyo kila alipokuja, mpaka nikamwambia anaanza kunichosha. Akasema ndiyo kazi yake.

Mahakamani tuliingia chumba cha ndani, si cha watu wengi. Jaji alisoma, akaniita mbele. Aliniuliza kama nimelazimishwa. Kama nimepewa chochote. Nikasema hapana. Kisha akaniuliza kama naelewa kwamba baada ya amri yake, mbele ya sheria, huyu hatakuwa ndugu yangu. Nilikuwa nimejiandaa kwa swali hilo usiku kucha na bado likanikuta.

"Naelewa, mheshimiwa. Atakuwa Mzaramo."

"Atakuwa mtoto wao."

"Ndiyo. Na Wazaramo ni watani zetu."

Jaji alivua miwani, akaifuta, akaangalia dirishani kidogo. Akasema kwamba utani haumo katika maombi yaliyoletwa mbele yake, hivyo mahakama haiwezi kuuondoa wala kuuweka. Akaivaa miwani, akaandika. Nyuma yangu nilisikia mtu wa reli akipenga kamasi kwa kishindo.

Kwa miaka michache walikaa mjini kwetu, nami niliingia kwao kama mtani aingiavyo, bila hodi, nikachukua kuku bandani, nikakaa kiti cha baba mwenye nyumba. Kisha akahamishwa, wakarudi pwani. Tukabaki kwenye simu, naye mtoto kwenye simu ni mtu wa kusema ndiyo, hapana, sawa. Nikaanza kuogopa. Amri ya jaji haikuniogopesha hata siku moja. Hofu yangu ilikuwa ule mwendo wenyewe, toka Tabora mpaka kule, na mtoto anayekua upande wa pili.

Mwaka huu baba mzazi wa yule mtu wa reli alifariki Kisarawe. Kwa sheria alikuwa babu wa mdogo wangu. Kwangu alikuwa mtani, na msiba wa mtani hauulizwi. Dada yangu, aliyeolewa Usoke, alikuja stesheni na dumu la asali na karanga. Nikapanda treni na shati jipya mkobani, nililolikata kwa kubahatisha.

Nilifika watu wamejaa, jeneza liko ndani. Nikapita katikati ya waombolezaji, nikaenda moja kwa moja kulala kitandani kwa marehemu, nikasema mzee ameniachia, na maiti haitoki mpaka nilipwe. Wanawake waliokuwa wanalia wakaanza kuchekea kwenye khanga zao. Walinitoa kwa jogoo mmoja. Nikaenda makaburini, nikashuka shimoni, nikalala, nikalalamika kwamba limechimbwa na Wazaramo, yaani nusu. Mtu wa reli, macho mekundu, alisimama ukingoni akaniambia nibaki humo humo nimtunzie baba yake.

Nilipotoka na udongo nywelini, nikamwona. Kavulana karefu, mwili wote miguu, kamesimama mbali kidogo na watoto wenzake, kananitazama. Nilikuwa sijui nitasema nini. Yeye alijua. Akaweka mikono kiunoni, kama baba yake kabisa.

"Mnyamwezi," akasema kwa sauti ili wenzake wasikie, "umekuja kwa miguu?"

"Kwa miguu. Toka Tabora. Mizigo iko wapi?"

Akaingia ndani mbio, akatoka na begi lake la shule, akanipigisha magoti, akaliweka juu ya kichwa changu, akarudi nyuma kuona kama litakaa. Likakaa. Wenzake wakapiga makofi. Akanitembeza uwanja mzima hivyo, yeye mbele, mimi nyuma, mpaka mama yake akatuita tule.

Jioni nilimtolea shati. Lilimbana mabegani, mikono ikaishia juu ya viwiko; nilikuwa nimemshonea mtoto wa mwaka juzi. Alilivua taratibu lisichanike, akampa binamu yake mdogo aliyekuwa anachungulia mlangoni, naye akaondoka nalo akikimbia. Nikaitoa futi. Hata sijaikunjua, alikuwa ameshasimama wima mbele yangu, mikono kainyoosha pembeni.

"Pima vizuri, mpagazi," akasema. "Na usiibe kitambaa."